Nikeli Inapostahili Pesa Yako, na Isipostahili

Mwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu Kanda ya Ziwa hanunui vyuma vya tanuri kila mwezi, lakini kila anaponunua hutoa fedha nyingi akiwa na taarifa chache. Silinda ya tanuri la kufufua kaboni ikishatoboka, muuzaji atamwambia aweke Inconel, aloi ya nikeli, asahau habari ya kutoboka. Fundi wake atamshauri akunje bati nene la chuma cha kawaida, maana likiisha litakunjwa lingine. Jirani yake wa upande wa Geita atasema yeye aliweka stenlesi ya 310 na imemtosha. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, na wote watatu wanaweza kumtia hasara, kwa sababu hakuna aliyeuliza tanuri lina joto kiasi gani, ndani yake kuna nini, na siku moja ya kusimama inagharimu shilingi ngapi.

Makala hii inalinganisha vyuma hivyo kwa ajili ya mchenjuaji wa Mwanza, Sengerema, Misungwi, Geita au Kahama anayetumia fedha yake mwenyewe. Msimamo wetu ni huu: aloi ya nikeli inunuliwe kwa kilo chache, pale tu ambapo joto na kemikali vimeshathibitisha kwamba chuma cha bei nafuu hakihimili. Kwingine kote fedha hiyo ina kazi bora ya kufanya.

Unalipia nini hasa

Chuma cha kawaida kikizidi nyuzi joto 500 na kidogo huanza kumenyeka. Hewa hukigeuza magamba, magamba yanabanduka, na chini yake yanaota mengine mpaka ukuta unaisha. Kinachozuia hali hiyo ni kromiamu, ambayo hutengeneza utando mwembamba wa oksidi juu ya chuma na kuifungia oksijeni njia. Nikeli ina kazi nyingine. Inaufanya mpangilio wa ndani wa chuma uwe imara ili kisilegee kikiwa chekundu, inausaidia ule utando usibanduke tanuri linapowashwa na kuzimwa mara kwa mara, na inapunguza kasi ya kaboni kupenya ndani ya chuma na kukifanya kivunjike.

Kazi hizo zina bei. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2025 tani moja ya nikeli katika Soko la Metali la London iliuzwa karibu dola 15,000, yaani dola 15 kwa kilo. Ukijua asilimia ya nikeli iliyomo ndani ya chuma, unaweza kupiga hesabu ya thamani ya nikeli peke yake kabla hujamsikiliza muuzaji. Bei ya dukani itakuwa juu zaidi ya hapo, kwa kuwa kuyeyusha, kuviringisha, kusafirisha na faida havimo. Lakini mpangilio wa nani ghali kuliko nani utaupata papo hapo.

| Aina ya chuma | Nikeli (takriban) | Thamani ya nikeli kwa kilo | Joto kinalohimili kwenye hewa |
|---|---|---|---|
| Chuma cha kawaida | 0% | 0 | karibu nyuzi 500 |
| Stenlesi 304 | 8% | dola 1.20 | nyuzi 870 |
| 253MA | 11% | dola 1.65 | karibu nyuzi 1,100 |
| Stenlesi 310S | 20% | dola 3.00 | nyuzi 1,035 |
| Aloi 800H | 32% | dola 4.80 | karibu nyuzi 1,000 |
| Aloi 601 | 60% | dola 9.00 | karibu nyuzi 1,200 |
| Aloi 600 | 72% | dola 10.80 | karibu nyuzi 1,100 |

Kwa 304 na 310S tumeweka kiwango cha tanuri linalowashwa na kuzimwa, kwa sababu ndivyo mitambo mingi midogo inavyofanya kazi. Tanuri lisilozimwa linavumilia zaidi: 304 hufika nyuzi 925 na 310S nyuzi 1,150. Kila mara chuma kinapopoa na kupashwa tena, utando wake hupasuka na kuanza upya, hivyo ratiba ya kazi nayo inaingia kwenye gharama ya chuma.

Bei ya nikeli pia haitulii. Tarehe 8 Machi 2022 ilipanda ndani ya saa chache ikavuka dola 100,000 kwa tani, hadi soko la London likasimamisha biashara na kufuta mauzo ya siku hiyo. Siku kama hiyo ni nadra, lakini inakufundisha kumwuliza muuzaji bei aliyokupa inadumu siku ngapi, na kama mzigo uko ghalani au bado haujaagizwa.

Maadui watatu wasioonekana kwenye jedwali

Viwango vya jedwali ni vya hewa safi. Tanuri la mchenjuaji halina hewa safi, na hapo ndipo watu wanapopoteza fedha zaidi.

Adui wa kwanza ni salfa. Inatoka kwenye mawe yenye pairaiti, kwenye dizeli duni, na kwenye oili chafu ambayo baadhi ya mitambo huchoma ili kubana matumizi. Salfa ikikutana na nikeli mahali penye uhaba wa oksijeni, hutengeneza mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi kama 640 hivi, chini kabisa ya joto la kazi. Ukuta unaliwa ndani kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Hapa kununua nikeli nyingi zaidi ni kununua matatizo: aloi 600 yenye asilimia 72 itaumia haraka kuliko 310S yenye 20. Anayechoma oili chafu na kufunga hewa ili moto uwe mwekundu wenye moshi asiguse aloi za nikeli nyingi kabla hajabadilisha kichomeo chake.

Mafuta mazito yana sumu nyingine, vanadiamu, ambayo ikiungana na sodiamu huacha majivu yanayoyeyuka na kulamba metali ya moto. Wanaoendesha injini kubwa za mafuta mazito, kama zilizowekwa katika kituo cha TANESCO cha Nyakato, wanalijua tatizo hilo vizuri. Kwa kawaida vali za kutolea moshi za injini za namna hiyo hutengenezwa kwa Nimonic 80A, aloi yenye takriban robo tatu ya nikeli. Vali ina kilo chache tu, inapigwa na moto mfululizo, na ikivunjika inaweza kuua injini nzima. Hapo nikeli inastahili bei yake bila ubishi.

Adui wa pili ni klorini. Kaboni ikishaoshwa kwa asidi ya haidrokloriki, inatakiwa ioshwe tena na kuondolewa makali ya asidi kabla ya kuingia kwenye tanuri. Ikiingia na mabaki ya kloridi, joto huyageuza kuwa gesi inayotoboa ule utando wa oksidi. Silinda nyingi zinazolaumiwa kuwa za chuma kibovu ziliuawa na kaboni iliyosuuzwa haraka haraka. Maji ya kusuuzia hayana bei ya kulinganisha na silinda.

Adui wa tatu ni kukakamaa, na huyu anawahusu hasa wenye 310. Stenlesi hii ikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 600 na 900, ndani yake huota chembe ngumu zinazoiondolea unyumbufu. Ikiwa bado ya moto hutagundua chochote. Siku utakayoizima, ikapoa, kisha ikagongwa nyundo au kuwashwa kwa pupa, inapasuka. Tanuri la kufufua kaboni hufanya kazi kati ya nyuzi 650 na 750, katikati kabisa ya eneo hilo la hatari. Ndiyo maana chuma kinachosifiwa kuhimili nyuzi elfu moja kinaweza kukuangusha kwenye nyuzi 700.

Sehemu kwa sehemu: kipi kikae wapi

*Retoti ya zebaki.* Tuanze na mchimbaji mdogo anayetenganisha zebaki na dhahabu kwa moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na chuma cha kawaida hakishikani nayo kirahisi. Kwa hiyo retoti ya chuma cha kawaida, yenye kuta nene na kifuniko kinachobana, ndiyo bora na ndiyo rahisi. Usitumie shaba, shaba njano wala alumini, kwa kuwa zebaki huzila. Bomba la zinki nalo liepukwe, maana zinki hushikana na zebaki na moshi wake unadhuru. Fedha unayobakiza itumie kwenye bomba refu la kupoozea, litakalohakikisha mvuke wote unarudi kuwa zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, na zebaki inayopotea hewani mwisho wake ni kwenye mapafu ya wachimbaji na samaki wa ziwani.

*Kolamu ya elusheni.* Hapa kaboni iliyobeba dhahabu huchemshwa na maji yenye soda kali ya asilimia moja au mbili na sayanaidi kidogo. Mtindo wa Zadra wa kawaida huenda nyuzi 95 hadi 98. Ule wa shinikizo hufika nyuzi 140. Ni kweli kwamba nikeli ndiyo mfalme mbele ya soda kali, na wauzaji hupenda kulisema hilo. Lakini ufalme huo unahitajika penye soda nzito na ya moto sana, ya viwanda vya kemikali. Kwa asilimia moja, 304L au 316L inatosha kabisa. Kulipia aloi 600 hapa ni kutupa fedha. La kuzingatia zaidi ni kwamba kolamu ya shinikizo ni chombo cha hatari, na inatakiwa kukaguliwa na OSHA kama boila zinavyokaguliwa.

*Tangi la kuoshea kwa asidi.* Hapa stenlesi huwadanganya wengi. Asidi ya haidrokloriki, hata ya asilimia tatu, huichimba 316L vishimo hadi ivuje, ingawa imenunuliwa kwa bei ya juu. Aloi inayoweza kuihimili ni C-276, maarufu kwa jina la Hastelloy, yenye nikeli karibu asilimia 57 pamoja na molibdenamu asilimia 16, metali iliyo ghali kuliko nikeli yenyewe. Ila kwa asidi dhaifu isiyochemshwa kuna suluhisho la gharama ndogo zaidi: tangi la plastiki ya polipropilini, la faiba, au la chuma cha kawaida lililovishwa mpira ndani. Katika mitambo ambayo kuosha na elusheni hufanyika ndani ya kolamu moja, chuma kilichovishwa mpira ndiyo desturi, mradi joto lisizidi uwezo wa mpira huo. C-276 waachiwe wenye kupasha asidi moto.

*Silinda ya tanuri la kufufua kaboni.* Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote. Kaboni ina nyuzi 700, lakini ukuta wa silinda unaopigwa moto kwa nje huwa na joto zaidi ya hapo. Chuma cha kawaida kitamenyeka mapema, na magamba yake yatachanganyika na kaboni. 304 haimenyeki kirahisi kwenye joto hilo, lakini hulegea na kushuka tumbo ikiwa silinda ni ndefu. 310S ina nguvu zaidi dhidi ya magamba ila inabeba ile hatari ya kukakamaa. 253MA, stenlesi yenye naitrojeni na chembe za seriamu, ina nikeli nusu ya ile ya 310S, ina nguvu nzuri kwenye moto na hukakamaa polepole zaidi. Tatizo ni kwamba mara nyingi huwezi kuikuta dukani, lazima uagize. 800H ilitengenezwa kwa kazi ya kubeba uzito kwenye moto kwa miaka mingi, na haina ugonjwa wa 310. 601 ni ya moto mkali kuliko huu. Kwenye nyuzi 700 unalipia uwezo ambao hutautumia.

Chaguo letu kwa mtambo mdogo unaowashwa siku chache kwa wiki ni 304 nene au 253MA ikipatikana. Kwa mtambo unaochoma usiku na mchana, 800H ndiyo ya kupigiwa hesabu. 310S ibaki kwa anayejua kuishughulikia: apashe taratibu, apooze taratibu, asiigonge ikiwa baridi.

*Koili za tanuri la umeme.* Maabara za kupima sampuli hutumia matanuri ya nyuzi 1,000 hadi 1,100. Nikromu, yenye nikeli asilimia 80 na kromiamu 20, ina ukomo wa nyuzi 1,200 kwenye waya wenyewe, na waya siku zote huwa wa moto kuliko chumba cha tanuri. Mshindani wake ni aloi ya chuma, kromiamu na alumini, inayojulikana kwa jina la Kanthal. Aina yake ya A-1 haina nikeli, hufika nyuzi 1,400, na kwa kawaida ni nafuu. Kasoro yake ni kwamba ikishapashwa mara ya kwanza inakuwa dhaifu kama glasi, hivyo usiikunje tena ikiwa baridi. Kwa tanuri la maabara, nunua Kanthal. Kwa hita ya joto la wastani inayotikiswa au kuhamishwa, nikromu inafaa. Dukani zitofautishe kwa sumaku: Kanthal hunata, nikromu hainati.

*Themokapo.* Hiki ni kifaa kidogo kinachoamua umri wa vyote vilivyotangulia. Themokapo ya aina ya K ina nyaya mbili za aloi za nikeli. Ikichakaa, hasa mahali penye moto usio na oksijeni ya kutosha, huanza kusoma joto pungufu. Mwendeshaji akiona nyuzi 680 wakati ukweli ni 740, anaongeza moto. Chuma kinachobeba uzito kwenye joto la juu hupoteza sehemu kubwa ya umri wake kwa nyuzi chache tu zinazozidi, hivyo kosa hilo dogo linaweza kula miaka. Nunua yenye ala ya aloi 600, badilisha kwa ratiba bila kungoja ife, na weka mbili mahali pamoja ili moja imsute mwenzake. Hapa usibane fedha hata kidogo.

*Kuyeyushia na kusafishia dhahabu.* Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Chombo chake ni kikombe cha grafaiti au cha udongo maalumu, kamwe si cha aloi. Na asidi ya kuyeyushia dhahabu, ule mchanganyiko wa naitriki na haidrokloriki, huzila aloi zote tulizotaja, C-276 ikiwemo. Kazi hiyo ni ya glasi na plastiki maalumu. Ukiambiwa vinginevyo, anayekuambia hajui anachokiuza.

Hesabu ya kuamua

Bei ya silinda haikwambii gharama yake. Gharama ni bei pamoja na hasara ya kusimama, gawanya kwa miezi itakayoishi. Tuweke tarakimu za mfano, nawe uweke zako.

Tuseme silinda ya 310S iliyokwisha kufungwa ni shilingi milioni 10 na inaishi miezi 18. Ya 800H ni milioni 24. Mtambo wa kwanza ni mdogo. Kila kubadilisha silinda kunamkosesha mwenyewe milioni 5. Kwa 310S analipa milioni 15 kwa miezi 18, sawa na takriban shilingi 833,000 kwa mwezi. Kwa 800H atalipa milioni 29, hivyo ili asipate hasara lazima iishi miezi 35, karibu mara mbili ya ile ya kwanza.

Mtambo wa pili una mzigo mwingi na mkataba wa wateja. Kusimama kunamgharimu milioni 20. Kwa 310S analipa milioni 30 kwa miezi 18, takriban milioni 1.67 kwa mwezi. Kwa 800H ni milioni 44, na itamlipa ikiishi zaidi ya miezi 26 na nusu hivi.

Chuma ni kilekile, bei ni ileile, lakini jibu ni tofauti. Kadiri siku ya kusimama inavyokuwa ghali, ndivyo aloi bora inavyokuwa rahisi. Ndiyo sababu ushauri wa jirani hautoshi, hata kama ni mtu mwaminifu: huijui hasara yake, naye haijui yako.

Hesabu hiyo ina upande mwingine. Hasara ya kusimama unaweza kuipunguza bila kununua nikeli. Silinda ya akiba iliyokwisha kuchomelewa na kukaa ghalani hugeuza wiki za kusubiri kuwa siku chache. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa mwenye mtambo wa Sengerema au Geita anayefuata fundi au kipuri Mwanza. Na umeme ukikatika, silinda ya moto iliyoacha kuzunguka hupinda kwa uzito wake ndani ya muda mfupi, iwe ya 304 au ya 800H. Jenereta ndogo, au mkono wa kuizungushia, ni kinga ambayo hakuna aloi inayoweza kuchukua nafasi yake.

Ukienda kununua

Nunua kwa namba, si kwa jina la biashara. Inconel ni jina la familia nzima ya aloi, na aliyekuuzia "Inconel" anaweza kuwa amekuuzia yoyote kati yake. Andika kwenye oda: N06600 kwa aloi 600, N06601 kwa 601, N08810 kwa 800H, S31008 kwa 310S, S30815 kwa 253MA, N10276 kwa C-276. Dai cheti cha kiwanda kilichoyeyusha chuma hicho, aina ya 3.1, chenye namba ya mkupuo, na hakikisha namba hiyohiyo imegongwa juu ya bati au bomba. Cheti kisicho na namba inayolingana hakithibitishi chochote.

Sumaku itakuonyesha chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, lakini kwa stenlesi haitakusaidia zaidi ya hapo. Stenlesi ya 201, yenye nikeli karibu nusu ya 304 na manganizi nyingi, nayo hainati vizuri, na ndiyo inayouzwa mara nyingi mahali pa 304. Kipimo cha uhakika Mwanza kipo karibu kuliko watu wanavyodhani. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019 yamezoesha wafanyabiashara mashine za XRF za kupimia dhahabu. Mashine ya namna hiyo ikiwa na programu ya aloi husoma nikeli, kromiamu, molibdenamu na manganizi kwa dakika moja bila kuharibu chuma. Kwangua uso kwanza, kwa sababu inasoma ngozi tu. Ila haioni kaboni, kwa hiyo 800 na 800H kwake ni kitu kimoja. Hapo utategemea cheti.

Mchomeleaji naye ni sehemu ya bei. Nikeli haivumilii uchafu: grisi, rangi au chaki yenye salfa ikibaki karibu na mshono, mshono hupasuka. Kuunganisha stenlesi na chuma cha kawaida hutumia vijiti vya E309L. Kuunganisha aloi za nikeli na chuma kingine hutumia ENiCrFe-3. Fundi asiyezijua namba hizo akajifunze kwanza kwenye vipande vya mabaki. Katika bei ya kuagiza nje weka nauli, ushuru na VAT ya asilimia 18. Mzigo unaotoka Afrika Kusini uje na cheti cha uasili cha SADC, na wakala wako wa forodha akuhesabie ushuru kabla hujalipa.

Kwa wenye boti na viwanda vya samaki, tahadhari moja: maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi ya Bahari ya Hindi. 304 inayochakaa haraka pale Dar es Salaam inaweza kukaa vizuri Kirumba, Mwanza. Sababu ya kulipia 316 kiwandani ni dawa za klorini za kusafishia, si ziwa.

Nikeli ya Kabanga haitashusha bei yako

Wengi wanauliza kama mradi wa Kabanga, wilayani Ngara, utatuletea aloi za bei nafuu. Tembo Nickel ilipata leseni yake ya uchimbaji mwaka 2021, serikali ikiwa na hisa asilimia 16, na mpango wa kusafishia umeelekezwa Kahama. Lakini nikeli iliyosafishwa bado si bomba la 800H. Katikati kuna kuyeyusha pamoja na kromiamu, kuviringisha na kuvuta mabomba, kazi ya viwanda ambavyo havimo katika mpango huo. Aliyepanga kusubiri asisubiri.

Uamuzi wetu

Mwenye fedha kidogo aanze na themokapo mbili nzuri, maji ya kutosha ya kusuuzia kaboni, kichomeo kisichotoa moshi, na njia ya kuzungusha silinda umeme ukikatika. Vinne hivyo vitaongeza umri wa chuma chochote alichonacho. Mwenye mtambo wa wastani aweke plastiki au mpira kwenye asidi, 304L au 316L kwenye elusheni, na 304 nene au 253MA kwenye tanuri, pamoja na silinda ya akiba. Mwenye mtambo usiolala apige hesabu ya 800H kwa hasara yake halisi ya kusimama, na ikimlipa anunue bila kusitasita. Aloi 600 iishie kwenye ala za themokapo, 601 kwa mwenye tanuri linalozidi nyuzi 1,000, na C-276 kwa asidi ya moto.

Muuzaji akikutajia aloi kabla hajakuuliza joto, mafuta unayochoma na saa unazofanya kazi, mwulize yeye maswali hayo. Akishindwa kuyajibu, nenda duka linalofuata.